Yule Msichana wa Kuku Ni Mimi

Mjomba,

Jana watani walikushughulikia. Udongo wa kaburi lako hapa Misungwi haujakauka, na wao wamevaa koti lako na miwani yako, wanatembea uani kwa bibi mabega juu kama wewe, wanajifanya wanaandika hewani. Watu walicheka huku wanalia. Nikasema moyoni, hili nitalivumilia.

Halafu mtani mmoja, mama mtu mzima, akauliza, "Na yule binti yake wa kuku tunamwachia nani?" Akaweka ncha ya kanga mdomoni, akawageukia kuku nyuma ya jiko. "Shikamooni... hapana. Karibuni wageni... hapana."

Uani kote walicheka. Na Mama alicheka, mjomba. Dada yako hakuwa amecheka tangu habari ilipofika. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, sijui niende wapi.

Hajui. Tulikuwa tunajua wawili, sasa nimebaki peke yangu.

Ulipopunguzwa kiwandani ukaja kukaa kwetu Kirumba, kila asubuhi ulikwenda sokoni Mwaloni kuwasomea akina mama wa dagaa vichekesho ulivyokuwa unakiandikia kikundi chenu cha maigizo cha kiwandani. "Mikono yao ikisimama, kichekesho kizuri," uliniambia. "Ikiendelea na kazi, nafuta." Walikuwa wanakutania, "Mwandishi, leo umetuletea nini, au umekuja kula dagaa wetu?" Nawe ulirudi nyumbani ukiwaiga.

Ulikuwa mtu mzima wa kwanza kuniuliza jambo kisha akasubiri jibu. Ndiyo maana siku ile tunamenya viazi nilikwambia kwamba wageni wakija, kabla sijatoka kuwaamkia, najaribu salamu kwa kuku kwanza. Nikakwambia na ya kanisani, nilivyosimama kusoma somo nikashindwa, nikalia mbele ya watu wote. Hukucheka. Kisu chako kilisimama katikati ya kiazi. "Endelea, mpwa wangu," ulisema, nami nikaendelea. Nilidhani nimepata mtu wa kuniambia siri zake na kusikia zangu.

Sasa naelewa kwa nini mikono yako ilisimama.

Televisheni za watu binafsi zilipoanza wakakuita Dar, ukapanda treni, nasi tukajisifu mtaa mzima. Jirani yetu aliponunua televisheni tulijazana sebuleni kwake kuona kazi yako. Akatokea msichana, kanga mdomoni, anawaamkia kuku. Watu wakagongana mabega kwa kicheko. Wiki iliyofuata msichana yule akalia kanisani.

Shuleni wakaanza kumlilia kama kuku kila msichana mwenye haya. Hawakujua kwamba mwenyewe yumo darasani. Mpaka namaliza kidato cha nne sikunyoosha mkono tena.

Ulipokuja likizo nilikuuliza. Ukanipigapiga begani. "Lakini mpwa wangu, sikutaja jina lako." Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Nilikuwa na mengine ya kusema. Nikangoja uje tena, nawe umekuja ndani ya sanduku.

Basi nakuuliza hapa. Siku ile ya viazi ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa kazini? Hapa msibani wanasema ulijua kuwaona watu. Kweli, uliniona. Halafu ukanichukua bila kuniomba. Ungeniomba, labda ningekupa. Nilikuwa nakupa kila kitu wakati ule.

Kesho tunaanua matanga. Mama amesema mimi niseme kwa niaba ya wapwa kwa kuwa ndimi niliyemaliza shule. Nitasema ulivyoanza kiwandani, ulivyowasomea akina mama wa Mwaloni, ulivyofika Dar. Yote hayo ni kweli na unastahili. Kisha nitasema yule msichana ni mimi, na kwamba sikuulizwa. Mama nitamwambia leo jioni tukiwa wawili, asije akaumia mbele za watu. Najua nitamharibia kicheko chake. Hilo linaniuma, lakini siwezi kuishi na Mama huku nikijichekesha na wengine kana kwamba si mimi.

Lala, mjomba. Nilikupenda kuliko ndugu zako wote. Sijakusamehe. Siku nitakayokusamehe nitakuja mwenyewe kaburini kukwambia, na sitamtuma mtu.

Mpwa wako,
Kabula