Halua Mlangoni pa Baraza la Mji

Mama Nasra, salamu nyingi kutoka Brescia, kwenye baridi inayopita hadi ndani ya kanzu.

Jumba la marumaru unaloliona kwenye picha upande wa pili wa kadi hii lilijengwa zamani sana kwa baraza la mji, na hata leo wakubwa wanakaa humo. Jana Nasra alinipeleka kulitazama, na mlangoni mlinzi alifungua mkoba wangu, akaliona kopo la halua uliyompikia mwalimu wa Nasra wa chuo kikuu hapa. Akainusa.

"Baba, anasema uionje wewe kwanza," Nasra akatafsiri.

"Mwambie nina maradhi ya sukari. Mama yako amenikataza."

Nasra akamwambia, akarudi na jibu: "Anasema mama yuko mbali, Ibra, Omani, na mlango huu ni wake yeye."

Basi nikala. Nikajifanya namuona hajaridhika, nikala tena. Kisha akaonja mwenyewe, akawaita wenziwe, na mwalimu akakosa chake. Ndani dari ni za ajabu, Nasra anasema. Miye nilikuwa nalamba kidole.

Kopo hawakulirudisha tupu. Walinzi wamelijaza biskuti za lozi, nami nitakuletea nikirudi. Hizo sijazigusa, maana hakuna aliyeniamuru.

Mungu akuweke, mke wangu. Naikumbuka hata chai yako isiyo na sukari.

Baba Nasra