Uvimbe Ambao Mama Anasema ni wa Pini

Mshauri, shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili kwa aibu, lakini sina mwingine wa kumwuliza.

Nimemaliza shule mwaka huu na namsaidia mama kushona, yeye ni fundi wa nguo za kike na chumba chetu cha mbele ndicho cha kazi, sasa wiki iliyopita alitaka nimpime ajishonee blauzi, nikamzungushia futi kifuani nikaona ziwa la kushoto ngozi imebonyea kama mto uliotiwa kifungo katikati, nikagusa, nikakuta kitu kigumu kama kokwa, futi ikaniponyoka nikasema, "Mama, hiki nini?"

Akacheka. "Pini hiyo, mwanangu. Tangu hujazaliwa nachomeka pini hapo kwenye blauzi nikishona, moja imenichoma ikaacha donge. Wala haliumi. Kisichouma si ugonjwa."

"Ilikuchoma lini?"

"Umekuwa askari siku hizi? Okota futi, unipime kiuno."

Kisha akaniapisha nisimwambie baba, kwa sababu mama mkubwa, dada yake mama, alikatwa ziwa kwa saratani na bado akafariki akiwa na miaka arobaini na mbili, na mama anasema kisu ndicho kilichomuua. Mimi sijawahi kumbishia, ninachofanya ni kuamka mapema nikazitoa pini zote kwenye blauzi yake, eti labda donge litanywea, naye akiamka anazirudisha. Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza naogopa nitamzika. Nifanyeje? Na mimi je, nitaugua?

Binti wa Fundi

Marahaba, binti yangu. Kwanza, acha kuhangaika na pini. Pini huchoma ngozi, haileti saratani, na hata ukizitupa zote donge litabaki palepale.

Mama yako ana saratani? Sijui. Wewe hujui, na yeye hajui, ingawa anajibu kama daktari. Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Lakini donge gumu, ngozi iliyobonyea, na dada aliyeugua kabla ya miaka hamsini, hayo hayangoji blauzi iishe. Na hilo la kisichouma si ugonjwa limewaponza wengi: saratani ya matiti mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Hospitalini watampapasa, watampiga picha ya matiti, na ikibidi watachukua kinyama kidogo kwa sindano wakakipime. Aliyeishi na pini kifuani miaka yote hiyo ataikimbia sindano moja? Ikionekana ni saratani, si kila mtu hukatwa ziwa zima. Wengine hutolewa uvimbe tu, wengine hupewa dawa au mionzi, na wanaowahi wengi hupona. Mama yako mkubwa sikumjua, ila muulize mama dada yake alikaa na uvimbe muda gani kabla ya kwenda hospitali. Mara nyingi ugonjwa huwa umeshasambaa, halafu lawama hupewa kisu.

Wewe kuwa na ndugu aliyeugua kunaongeza uwezekano, hakukuhukumu. Yazoee matiti yako, ujue yalivyo kawaida, na ukiona badiliko nenda. Daktari mweleze habari za mama mkubwa, akwambie lini uanze kupigwa picha.

Kiapo cha kuficha ugonjwa hakikufungi. Lakini usimzunguke mama. Leo hii, mkiwa wawili, mwambie: "Mama, naogopa, twende." Aibu yako iweke kando dakika tano tu. Akikataa, mwambie kwamba jioni utamweleza baba, na mama mwenyewe awepo asikie, na ufanye hivyo kweli. Kesho asubuhi fungeni chumba cha kazi, wateja watarudi. Akikununia, mwache anune, ila anune mkiwa njiani.