Mvuta Kamba wa Nyakoe

Nyakoe, Kisii
19 Agosti, 1973

Dada yangu mpendwa Mong'ina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, huko Nakuru. Sisi hapa hatujambo, ila baba bado analalamikia goti na mama bado anamlalamikia baba. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, maana najua barua zako husomwa kwanza na mama mkwe wako, naye ameapa hatajifunza Kiswahili.

Unakumbuka Ondieki alivyonirudisha nyumbani mwaka juzi. Aliwaambia wazee kwamba tangu apate kazi ya ukarani mjini hawezi kutembea na mke anayejaza barabara, tena nimemvunjia kitanda na baiskeli. Kitanda ni kweli. Baiskeli alianguka nayo mwenyewe akitoka kunywa. Basi ng'ombe wa mahari wakarudi kwao, nami nikarudi jikoni kwa mama. Sokoni Daraja Mbili nilikuwa nikikaa nyuma ya mikungu yangu ili watu waone ndizi tu. Nikajaribu na kukonda. Niliacha ugali, nikanywa maji ya ndimu kila asubuhi, mpaka Sabato moja nikazimia kanisani. Wazee wa kanisa walijaribu kuninyanyua wakashindwa, wakaona ni heri waendelee kuomba mpaka niamke.

Mwaka huu ilipokaribia sikukuu ya Madaraka, kina mama wa Nyakoe walialikwa kuvuta kamba na wenzao wa Nyacheki. Bochaberi, mwenyekiti wa chama chetu, alikuja nyumbani akasema anatafuta mtu wa kukaa mwisho wa kamba, na kwamba Mungu hakunipa mwili huu niufiche nyuma ya ndizi. Mama akasema watu watanicheka. Bochaberi akajibu kwamba wacheke, mradi kamba isiende Nyacheki.

Dada, walicheka kweli. Nilipojizungushia kamba kiunoni vijana walipiga miluzi, na Ondieki alikuwepo, amevaa suti, amegeuza uso kama hanijui. Filimbi ikalia. Wale wa Nyacheki ni wachuma chai, mikono yao ni chuma. Wenzangu wakaanza kuteleza mmoja baada ya mwingine. Mimi nilichimba visigino ardhini nikaegemea nyuma, nikasikia uzito wangu wote ukinitii. Sikutamani kuwa mdogo hata kidogo. Tuliwavuta wote, pamoja na mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa pembeni akiwahimiza, ambaye kwa uchungu alidaka kamba kinyume cha sheria, akaburutwa kwa tumbo mpaka miguuni pangu. Aliinua kichwa, matope mdomoni, akaniuliza jina langu.

Huyo ndiye Alfayo Mogire, mkulima wa chai aliyefiwa na mke. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwetu kila Jumapili kuomba machipukizi ya migomba. Anasifu mvua, anakunywa chai, anabeba machipukizi, anaondoka. Shamba la baba likabaki mashimo matupu.

Katikati ya hayo Ondieki akatuma mjumbe. Kumbe watu mjini walikuwa wakimsifia ushindi wangu. Alisema yuko tayari kunichukua tena na kurudisha ng'ombe, lakini kwanza nipungue. Kaka yetu Joash akasema hiyo ni bahati, mwanamke aliyeachwa hachagui. Baba alisema atajibu baada ya Sabato. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Alfayo alikuwa bado anasifu mvua.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama halijui, kwa kuwa anadhani ni Alfayo aliyesema kwanza. Jumapili iliyopita nilimsindikiza mpaka kijitoni, nikamwambia, "Alfayo, migomba imetosha. Nataka unioe. Lakini ujue sitapungua."

Aliweka machipukizi chini. Kisha akasema, "Ile migomba yote imeoza. Sikupanda hata mmoja."

Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kuichukua.

"Ningekuja kwenu kufanya nini kingine?" akasema. "Na tafadhali usipungue. Wanawake wa Nyacheki wamenituma nisirudi bila wewe. Mwakani wanataka uvute upande wao."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akakaa karibu yangu. Hilo la upande usimwambie Bochaberi.

Baba amemjibu mjumbe wa Ondieki kwamba binti yake hapunguzwi. Wazee wa Alfayo watafika mwisho wa mwezi, na Joash ameshaanza kumwita shemeji.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu awatunze mpaka tuonane. Ukija niletee kitambaa cha gauni, chenye maua makubwa. Mwenye duka akikuuliza kipimo, usinionee haya. Mwambie ukweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Eucabeth Bosibori