Mvua Ilipogeuza Pisini Kuwa Kijani

Mujukuu wangu Benita,

Kwa heshima zote ninatangaza: jogoo amenyakua kiti changu, na nkambo wako, mke wangu, anamtetea. Wengine tuko wazima.

Unauliza kwa nini mvua iligeuza pisini, lile bwawa la kuogelea unalotunza Lubumbashi, kuwa kijani. Ile aliyotunza tata, baba yangu, hapa Kolwezi iligeuka vilevile, siku chache kabla mimi na nkambo wako hatujabatizwa humo. Sisi tukiona kijani, tunafikiri mukuba, shaba iliyo chini ya udongo.

"Tata, tuchimbe hapa!"

"Utachimba na meno? Mvua imepunguza nguvu ya klori, majani madogo-madogo inaota mu maji."

Nikaogopa ubatizo utasogezwa mbele. Nkambo wako alikuwa karibu kuhamia Kasaji, na nilitaka tubatizwe pamoja. Tukamwaga klori, tukasugua, tukangoja. Kusema kweli, maji hayakutakata. Tulibatizwa pamoja katika kijani kile, macho yakituwasha.

Nkambo Donat