Kodiani ya Kunienea

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelivaa Jitu. Mtu mzima mimi, nywele zimeanza mvi, na ndiyo mara ya kwanza! Jitu ni kodiani ya Baba — vitufe vya besi mia na ishirini upande wa mkono wa kushoto, nyeusi, kubwa kama droo ya kabati. Tangu kiharusi kimpige mkono wa kushoto, sijaliona likitoka sandukuni. Nyumba imekuwa kimya, kama tumezibwa pamba masikioni. Nimemwambia nataka kujifunza. Akalitazama sanduku. Kisha: haya, mama, lifungue.

Harufu ya ngozi, na ya jasho lake la zamani. Nikaketi, nikaingiza mabega kwenye mikanda. Loo! Mapaja yalikoma. Kidevu kimegota juu yake, vibao sivioni, mikono imetanuka kama ya mtu anayekumbatia pipa. Nikavuta. Ikatoka sauti moja nene, ndefu, na chumba kizima kikavuta pumzi pamoja nami. Baba amefumba macho. Mimi pia. Nilikuwa mahali pengine kabisa, sijui wapi. Palikuwa na maji.

Jumatano, 5 Machi

Kazini, chumba cha pasi, mvuke mtupu. Pasi ikishuka inahema, ikipanda inahema. Nimenyoosha shuka za hoteli asubuhi nzima huku vidole vinacheza wimbo ambao haupo. Shoga yangu wa meza ya pili akauliza mbona natembea kama mpagazi. Mgongo! Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa chini. Kwani lazima uanze na nyumba nzima, kasema, huwezi kuanza na chumba kimoja?

Nikaliwaza hilo hadi nikaunguza foronya.

Jioni nikamgusia Baba: pengine ipo ndogo. Akakunja uso. Hizo ndogo za kuchezea watoto. Yeye alianza na Jitu hilohilo na hakufa. Nikamwambia, Baba, wewe ulikuwa na mabega kama mlango. Nilidhani atacheka. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Pumzi, yule mtengenezaji wa kodiani. Duka jembamba, mivukuto, ile mikunjo ya kuvutia upepo, imening'inia darini kama mapazia yaliyokunjwa, na jua likipita katikati yake. Ningeweza kulala pale.

Hakuniuliza nataka ipi. Aliniambia keti, dada, miguu chini, wima. Akanipakatisha ya besi sabini na mbili. Nyekundu! Nikaipenda papo hapo. Kilo saba na ushee. Lakini ukingo wake ulinifika kidevuni, na kila nikivuta mvukuto bega la kushoto linapanda lenyewe. Fundi akalitazama bega, si kodiani. Akaivua. Nilikuwa bado nimeishikilia, ile nyekundu. Ilibidi anibandue vidole. Acha kuichagua kwa rangi, dada, anayebeba ni mgongo.

Halafu ya besi arobaini na nane. Rangi ya maziwa, kuukuu, imekwaruzwa pembe. Kilo tano na nusu. Mvukuto ukatulia juu ya paja la kushoto, upande wa vibao ukaegemea paja la kulia kwa ndani, kidevu huru, vidole vikafika kila mahali. Akakaza mikanda hadi ikanikaa mwilini kama shati. Sasa pumua, akasema. Nikapumua. Ikapumua.

Nimepewa hiyo niende kuijaribu. Ijumaa atapita nyumbani kusikia nimeamuaje.

Jumapili, 9 Machi

Baba hataki hata kuitupia jicho. Anaiita kopo la biskuti. Nimefanyia mazoezi jikoni, mlango nimeurudisha. Vidole vinapotea, vinarudi, vinapotea. Sauti ya hii ndogo si nene — ni kama mtu anayeimba chumba cha pili huku anakunja nguo, hajui kama anasikika. Nilipoivua mgongo ulikuwa mzima. Furaha imenijaa hadi naona haya.

Jumanne, 11 Machi

Nimeota Jitu linapita barabarani lenyewe, linajikunjua na kujikunja kama jongoo, watu wanalipisha kwa adabu. Mimi namwita Baba aje aone. Baba hageuki.

Vidole vimepata mistari miwili ya wimbo.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme ulikatika kazini. Pasi zimepoa, tukaruhusiwa. Nimefika nyumbani mchana mweupe, na nje ya mlango nikasikia.

Vibao vinatembea. Si kama vyangu — vinatembea kama mtu anayeijua njia. Wimbo ambao Baba alikuwa akimpigia marehemu Mama kila alipochelewa kurudi, kumwomba radhi kabla hajavua viatu. Besi hamna. Upepo tu upande wa kushoto, unahema, unakatika, unaanza tena.

Nilisimama na ufunguo mkononi, sikuthubutu.

Nilipoingia nilimkuta kaketi kitandani, ile ya maziwa kifuani, mkanda mmoja umepinda. Amejivalisha kwa mkono mmoja, sijui vipi! Na mkono wa kushoto — ule usioweza hata kushika kikombe — umepita kwenye mkanda wake na unavuta. Kidogo. Unatetemeka. Unavuta. Uso wake umelegea, kama mtu aliyelala vizuri.

Akaniona. Hakuona aibu. Kasema: nyepesi hii, mama.

Kisha akasema lile ambalo sikulijua. Kwamba kila nikienda kazini alikuwa akilitoa Jitu. Kila mara. Na Jitu halikumfungukia hata mara moja.

Nikamnyooshea mkanda.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi yupo sebuleni. Naandika jikoni, nimesimama, chai inachemka.

Nilimuuliza pale mlangoni, kwa sauti ya chini: hana nyingine saizi hii? Hana. Nyingine ni ya besi kumi na mbili, ya watoto kweli. Na ile nyekundu, ambayo bega langu linaikataa. Akauliza, kwani kuna nini? Nikamwambia. Akakuna kichwa. Akasema kwenye kuchagua saizi anamtazama anayeanza, basi. Sasa hapa anayeanza ni nani?

Alisahau kunong'ona. Baba akajibu, kutoka kwenye kiti chake, mkono wa kushoto ameuficha nyuma ya mto: ya binti yangu hiyo, Fundi, imemwenea sana, mwandikie risiti. Mimi ninalo Jitu langu.

Sauti yake ilikuwa kavu, ya kiume, nzuri. Nikakimbilia huku.

Nikiikubali ni yangu. Nikimwachia Baba atajua nimemwachia, na hataigusa. Namjua. Nikasema nitamjibu Fundi nikileta chai.

Chai inafurika. Nimezima. Huko sebuleni mmoja wao amefungua vibanio vya mvukuto — nimevisikia, tak, tak. Upepo tu kwanza. Unakuja, unakatika. Unakuja tena, unatetemeka, na sasa chini yake, kwa mara ya kwanza, besi moja. Mkono wa kushoto wa Baba.