Wagonjwa wa Tarehe Thelathini na Moja

6 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi wazima, ila goti linamsumbua mama na hataki kuambiwa.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Zahanati yetu iliwekewa programu mpya mwezi wa kwanza, nami hapa masjala ndiye ninayepokea orodha ya wagonjwa wa kurudi. Kumi na mmoja wa dawa za kifua kikuu hawakurudi, na hatukuwakumbusha kwa sababu hawamo kwenye orodha. Wote walihudumiwa tarehe 31 Januari. Fundi wetu wa kompyuta amechimba, akakuta kosa limo kwenye maktaba ya msimbo inayotolewa bure, vile vipande ambavyo waandishi wa programu huchukua badala ya kuandika upya. "Mwenyewe hajibu tangu mwaka juzi," akasema, akanionyesha anwani.

Ni yako. Nijibu.

Dada yako

20 Machi

Mdogo wangu,

Naomba uwe mzima, maana kimya chako kimezidi. Sikuandika kukulaumu. Nikitoka kazini nawatafuta kwa miguu, nimewapata wanne. Mshona viatu ameanza kukohoa tena. Fundi anaweza kuziba kosa hapa kwetu, lakini zahanati nyingine zinatumia maktaba yako hiyohiyo.

Dada yako

22 Machi

Dada, shikamoo.

Mwili mzima, moyo ndio unanisuta. Maktaba ile niliiacha kwa kuchoka kutukanwa na watu wasiowahi kuniambia asante. Barua yako ya kwanza niliisoma mara tatu, nikaogopa.

Kosa nimeliona. Mtu akiambiwa arudi baada ya mwezi, msimbo wangu unatafuta 31 Februari. Haipo, basi unamwacha nje kimyakimya. Ni mistari minne, na niliiandika mimi. Leo nimewatangazia wote wanaoitumia kwamba kosa ni langu. Sasa nisaidie: nitumie tarehe za kurudi kutoka madaftari ya zamani, bila majina, nipimie marekebisho.

Mdogo wako

9 Aprili

Marahaba, mdogo wangu. Huku salama.

Toleo jipya ulilolipima kwa zile tarehe mia nne nilizokutumia fundi ameshaliweka, na orodha imetoka kamili. Wagonjwa kumi wamerudi kwenye dawa, mshona viatu akiwemo. Amebaki mama mmoja muuza mkaa. Amehama, na majirani hawajui alikoelekea. Jumamosi naanza kumtafuta ng'ambo ya reli.

Dada yako

11 Aprili

Dada, shikamoo. Mimi sijambo.

Tarehe zako zilinasa makosa mengine mawili ambayo nisingeyaona peke yangu. Siku hizi kila anayeniandikia namjibu, hata mwenye matusi. Wengine chini ya matusi wana hoja.

Huyo mama usimtafute peke yako. Nimeomba ruhusa kazini, nafika Ijumaa jioni. Wewe shika ng'ambo ya reli, mimi nitapita sokoni nimuulize kila anayeuza mkaa. Tusipompata Jumamosi tutaendelea Jumapili. Ruhusa yangu ni ya wiki nzima.

Mdogo wako