Mabomba Mapya ya Kruza Yako

Baba,

Nimezitoa ekzosi zako. Naanza na hilo ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Ile pikipiki yako ya kruza sasa inapita katikati ya Bariadi na hakuna anayegeuza shingo. Najua umeshakunja uso. Subiri kwanza nikueleze ilivyokuwa.

Tangu tukuzike umepita msimu mzima wa pamba. Mama hajambo. Anakula, shambani anakwenda, kanisani anakwenda, na mbuzi wake bado anawatukana kama zamani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepotea, kucheka. Alikuwa anatabasamu akiona wageni, basi, halafu anainuka kwenda kutafuta kazi ya kufanya.

Mimi nilichukua begi lako la sindano, boksi la barafu la chanjo na pikipiki, nikaendelea na mzunguko wetu. Nilidhani nimejiandaa. Miaka minne nimekaa nyuma yako kwenye kiti kile, cheti cha mifugo ninacho, njia zote nazijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba ng'ombe wa kijiji cha Shishiyu nao wanatujua.

Wewe uliijua habari hii, ukawa unaicheka. Yule mhandisi aliyekuuzia kruza alipohamishwa alikuwa ameshazitoa utumbo ekzosi zake, na ule mngurumo ukaupenda kuliko pikipiki yenyewe. Kule tambarare sauti haina pa kujificha. Ukiwa bado mbali, ng'ombe wanasikia, na kwa akili zao mngurumo ule una maana moja tu, sindano inakuja. Mkia juu, wanatawanyika vichakani. Watu wa pale walikuwa wanacheka, wanawakimbilia, wanawarudisha zizini huku wanakutania kwamba mifugo inakuogopa kuliko fisi. Kwako walicheka, Baba. Kwangu hawakucheka.

Mara ya kwanza niliyokwenda peke yangu nilichanja ng'ombe kumi na mmoja katika zizi zima la Jilala. Mara ya pili niliiacha pikipiki mbali barabarani, nikajitwisha boksi la barafu na kutembea, lakini walikuwa wameshausikia mngurumo na kuondoka. Barafu ikayeyuka nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Unamjua Jilala, yule rafiki yako wa kubishana, hana maneno ya kupaka mafuta. Akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, baba yako nilimvumilia kwa sababu alikuwa rafiki yangu. Wakikimbia tena mara ya tatu, usirudi. Nitatafuta bwana mifugo mwingine." Nikajua kwamba Jilala akiniacha, Shishiyu yote inaniacha, maana wote wanaangalia zizi lake kwanza.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkasirikia Jilala, nikawakasirikia ng'ombe, halafu nikakukasirikia wewe, kwa sababu dawa ya tatizo hili ulikuwa umeshainunua. Mabomba mawili mapya, marefu, yenye sailensa kamili, uliyoagiza Mwanza na kuyafunga kwenye magunia kule stoo. Kila nilipokuuliza tutayafunga lini ulisema, "Tutayafunga wakitulia." Wangetulia vipi na sisi tunawangurumia? Hukutaka tu, sema kweli.

Lakini kruza ni ya Mama sasa, na bila ruhusa yake nisingeigusa hata nati moja. Nilimweleza akiwa anapepeta mtama. Akapepeta hadi mtama ukaisha kwenye ungo, ndipo akasema hapana. Hakupandisha sauti. Akaniambia kitu ambacho miaka yote nimeishi kwenye nyumba ile sikukijua: ulipokuwa unakata kona ya kiwanda cha pamba, yeye akisikia mngurumo alikuwa anaweka maji ya ugali jikoni, na maji yalikuwa yanachemka wakati unashusha stendi. Kumbe ndiyo maana siku zote ulikuta chakula cha moto ukajisifu kwamba una bahati.

Nikaona basi, nimeshindwa. Sikumsukuma. Kesho yake baada ya chai akanifuata uani, akaniambia, "Ipande, nenda mpaka kiwandani, urudi. Mara moja tu." Nikaenda. Nilipokata ile kona kurudi, nilivuta mafuta vizuri, ikanguruma kama unavyotaka wewe. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni, sufuria ipo motoni, amesimama tu mbele yake mikono imeshika khanga. Hakulia. Akasema, "Zitoe sasa."

Mimi ndiye niliyelia, na spana mkononi.

Tuje kwenye kazi, maana najua utataka kuikagua. Niliwasha injini kwanza ili nati zipate moto, kisha nikapaka dizeli kila nati na kuziacha zilowe wakati nakoroga uji. Tatu zilitoka kwa adabu. Ya nne ilikatika, bolti ikabaki ndani ya kichwa cha injini. Nikamwita Saidi, yule Mtanga anayechomelea mageti karibu na stendi. Alipoona kazi ni kwenye kruza yako alivua kofia kabla ya kuinama. Akaitoa bolti ile taratibu, robo kwa robo, bila kuharibu hata uzi mmoja.

Halafu mabomba yenyewe. Baba, uliagiza ya pikipiki nyingine. Matundu ya breketi yalipishana na ya kwako kwa upana wa kidole. Sijui kama uliona, na kama uliona naamini ulifurahi kupata kisingizio. Saidi alikata vipande viwili vya chuma, tukafungua waya za betri kwanza, akavichomelea kwenye breketi. Nikaweka gasketi mpya na kushikiza kila kitu kwa mkono tu. Uliniambia nikiwa mdogo, siku unafunga tairi la mkokoteni, "Usikaze hata moja mpaka zote zishike." Nilikusikiliza. Yakalala vizuri, sambamba, kama pembe za dume jema.

Kabla ya kuwasha niliyapangusa kwa spiriti ya sindano. Alama za mikono yenye grisi zikipata moto kwenye kromu zinaungua na haziondoki tena. Nikamwonya Saidi asiguse. Saidi hakugusa. Mama akapita, akainama, akauliza, "Ndiyo haya?" na kuliwekea kiganja bomba la kulia. Nilishika tambara ili nifute, nikaliweka chini. Vidole vyake vinne vipo pale mpaka leo, rangi ya kahawia iliyokaribia bluu.

Nikabonyeza stata. Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Tena. Ikazima. Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta nikaisafisha yote, jeti nikazipuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Saidi akasema labda ni petroli chafu. Mimi nikasema labda ni wewe, umekataa. Nilisema kwa utani lakini moyoni sikuwa na utani, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimeiua pikipiki yako, na Jilala nimeshampoteza. Jua lilikuwa juu kabisa. Saidi akasema tujaribu mara moja ya mwisho, yeye abonyeze stata, mimi nishikilie mafuta yote.

Ikapiga mlio mmoja kama mlango uliofungwa na upepo, na bomba la kushoto likatema kitu cheupe kilichompiga jogoo. Kabla jogoo hajamaliza kulalamika, la kulia nalo likatema. Ua mzima ukajaa pamba. Ilipanda mpaka juu ya paa, ikamshukia Saidi kichwani, ikaning'inia kwenye kamba ya nguo. Bonge jingine lilikuwa linafuka moshi, nikalikanyaga. Injini ikatulia, ikaunguruma kwa upole kama mtu anayesema peke yake.

Ulikuwa umeyaziba mabomba kwa pamba ili nyigu wasijenge ndani. Umeisukumia ndani kwa mpini wa jembe, umefunga midomo kwa nailoni, nami nikatoa nailoni nikadhani nimemaliza. Ni nani mwingine duniani angeziba ekzosi kwa pamba kama si mtu wa Bariadi?

Mama alitoka jikoni. Akaiangalia ile pamba, akaokota kipande, akakivuta kwa vidole. Ilikuwa pamba yake. Ile aliyokuwa ameichagua mwenyewe kwa ajili ya mto, iliyopotea nusu kutoka kwenye kiroba, ambayo kwa ajili yake jirani yetu Mama Limi hakusalimiwa miezi miwili. Na wewe ulikaa pale pale mezani, unakula, unatikisa kichwa kusikitikia tabia za majirani.

"Kumbe ni huyu," Mama alisema. "Kumbe ni huyu." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akatoa machozi, akanishika mguu, akacheka tena. Saidi akawa anacheka bila kujua anachokicheka. Jioni ile ile Mama alikwenda kwa Mama Limi na bakuli la karanga kuomba msamaha kwa niaba yako. Walikesha wakikusema, na nakuhakikishia hawakukusema vizuri.

Siku tatu baadaye nikaenda Shishiyu. Nilifika mpaka kwenye ua wa miiba wa Jilala, nikazima injini, na hakuna aliyegeuka. Jilala mwenyewe alikuwa amenipa mgongo, anasuka kamba. Ng'ombe walikuwa zizini wanacheua. Nikabaki nimesimama pale na boksi langu, sijui la kufanya. Unajua kwamba miaka yote hii hatukuwahi kubisha hodi kwenye boma lolote? Ekzosi zilibisha kwa niaba yetu. Tulikuwa tunakuta watu wameshasimama.

Nikasalimia, "Mwangaluka." Sauti ikatoka ndogo, hata mimi sikuipenda. Nikarudia kwa nguvu. Jilala akashtuka, akageuka, akaitikia, "Mwangaluka mhola," akaiangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akayaangalia mabomba. Ng'ombe waliinua vichwa. Wakavishusha, wakaendelea kucheua.

Tuliwachanja wote, Baba. Wote. Hata lile dume jekundu lililokutupa kwenye matope. Tuliwapitisha mmoja mmoja kati ya magogo, na chanjo ilipokwisha barafu ilikuwa bado inagonga ndani ya boksi. Jilala alihesabu mara mbili kwa sababu hakuamini. Wakati nafunga begi akaja akasimama karibu, akasema, "Baba yako tulikuwa tunamsikia. Wewe tumekuona." Akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaniambia shemeji yake ana zizi kubwa Kalemela, na ameshampigia simu.

Nilipofika njiani nilisimamisha pikipiki. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo katika kazi hii, na papo hapo nilikuwa natamani mtu mmoja tu wa kumweleza. Ndiyo maana naandika. Nimekukumbuka sana. Nakukumbuka hata ulipokuwa mkaidi, na mara nyingi ulikuwa mkaidi.

Ekzosi zako za zamani Mama amezichukua. Amezisimika pale kwenye bustani ya nyanya, zinashikilia kamba. Anasema hatimaye zimepata kazi ya kimya. Maji ya ugali siku hizi anaweka akiniona mlangoni, na mimi nakaa naye jikoni kusubiri yachemke, tunaongea. Zamani hatukuwa na muda huo.

Lala salama, Baba yangu. Alhamisi naenda Kalemela. Kule hujawahi kufika, hawajawahi kuusikia mngurumo wako, na aliyeitwa ni mimi. Nitazima injini nje ya boma, nitabisha hodi kwa mdomo wangu. Wakiniuliza mimi ni binti wa nani, nitawaambia, na nitachukua muda kuwaambia. Lakini nakuahidi, safari hii nitasubiri waniulize.

Mwanao,
Kabula